Pikapu inapogoma kubadili gia: amri imepotea au misuli imechoka?

Pikapu ya mjomba wangu, ya otomatiki, ilianza kugoma mwezi wa 10, wakati mbaya kuliko yote kwa mtu wa Mtwara mwenye gari la mizigo, maana korosho ndiyo kwanza zinaanza kuingia maghalani. Ikisimama njia panda ya Mingoyo kisha ikatakiwa kuondoka, ilijikokota kama mtu aliyeamshwa alfajiri bila kutaka. Injini inalia, gari linatambaa. Ikishachanganya na kufika kilomita 50 au 60 kwa saa, ugonjwa unapotea, inakwenda kama siku zote. Ila kilima cha kupandia Newala ukitokea Masasi kiliishinda ikiwa na magunia 10 tu.

Fundi wa kwanza akasema konveta, kile kifaa cha oili kinachopokeza nguvu ya injini kwa giaboksi, imekufa. Wa pili akasema klachi za ndani zimeisha. Wa tatu hata hakuinama chini ya gari: "Mzee, giaboksi hiyo umeimaliza. Tafuta nyingine."

Mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, nitafute pesa ya giaboksi au nitafute fundi wa nne?"

Nikamwambia asitafute chochote kwanza. Wote watatu walikuwa wamekimbilia kutaja kilichoharibika, na hakuna aliyeuliza swali linalotangulia: gia ile haikuingia kwa sababu haikuagizwa, au iliagizwa ikashindwa? Hayo ni magonjwa mawili yaliyo mbali kama Mtwara na Mwanza, lakini kwa aliyeshika usukani dalili zake zinafanana.

Kwenye gari la manuo, klachi ni mguu wako na gia ni mkono wako. Kwenye otomatiki kazi zote mbili zimekabidhiwa oili. Mbele ya giaboksi kuna pampu inayozungushwa na injini, nayo inasukuma oili kwa presha kupitia bodi ya valvu, kipande cha alumini kilichojaa vijia kama kichuguu. Oili ikielekezwa kwenye pistoni fulani, pistoni hiyo inabana seti ya pleti za klachi. Ikiondolewa hapo, pleti zinaachia. Meno ya gia zenyewe, ambazo zimepangwa kama sayari zinavyolizunguka jua, hayatoki wala hayaingii kokote, yameshikana tangu kiwandani. Kubadili gia ni kuamua kipi kizuiwe kisizunguke na kipi kiachwe huru.

Anayeielekeza oili ni nani? Kwenye otomatiki za zamani kabisa kulikuwa na gavana iliyosoma mwendo wa gari na kebo iliyosoma mguu wa dereva, zikishindana kwa presha mpaka mmoja ashinde. Pikapu tunazoziita za zamani leo, za miaka ya 1990, ziko katikati ya zama mbili. Chukua giaboksi ya Toyota ya familia ya A340, ya gia nne, iliyotengenezwa na Aisin. Ndiyo iliyomo kwenye pikapu ya mjomba na ndiyo nitakayoitolea mifano. Humo kompyuta ndiyo inayoamua gia ibadilike lini, kwa kuwasha na kuzima solenoidi mbili, yaani valvu ndogo za umeme. Lakini ukali wa presha inayobana klachi bado unaamuliwa na kebo ya chuma inayotoka kwenye throto, kile kilango cha hewa ya injini kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa hiyo kuna amri ya umeme, kuna nguvu ya oili, na kuna misuli, yaani pleti zinazobana. Chochote kati ya hivyo kikilegea, dereva anakuja gereji na neno moja tu: giaboksi.

Mimi huanza na oili, kwa sababu haigharimu kitu kuitazama, na kwa sababu watu wengi wanaipima vibaya. Wanaipima asubuhi, gari limepoa na limezimwa, kama wanavyopima oili ya injini. Kwenye giaboksi hizi oili hupimwa ikiwa ya moto, nyuzi 70 hadi 80, tuseme baada ya kwenda Mikindani na kurudi mjini. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini inanguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, halafu ndipo uchomoe kijiti na kusoma alama ya HOT. Ukipima injini ikiwa imezimwa, kijiti kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo kweli, nawe utaondoka umeridhika na giaboksi yenye njaa.

Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa, na hewa haina nguvu ya kubana pleti. Ndipo unapoona gari linachelewa kushika ukiweka D, au linateleza kwenye kona oili inapokimbilia upande mmoja. Ikizidi nayo inapigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu ni hewa vilevile. Halafu inuse. Nyekundu ni nzima. Ya kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inakuambia pleti zimeshaanza kuchomeka. Ikifanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta, kwa sababu oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji ya injini. Gari lililowahi kuvuka maji ya kufika kwenye fremu, kama yale yaliyoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, lina njia ya pili ya kunywa maji: kipumulio kidogo kilicho juu ya giaboksi.

Tukiwa bado kwenye rejeta, chungulia mabomba mawili membamba yanayotoka kwenye giaboksi. Nimeona pikapu iliyofungwa rejeta ya gari la manuo, ambayo haina sehemu ya kupooza oili, na fundi akaunganisha mabomba hayo mawili kwa kipande cha mpira ili mambo yaishe. Gari hilo linaweza kukaa sawa mjini wiki kadhaa. Lipeleke Newala na mzigo ndipo utakapojua.

Na lile linaloulizwa kila siku: je, kubadilisha oili iliyozeeka kunaua giaboksi? Wanaosema hivyo hawasingizii, wameshaona gari lililoingia gereji linatembea na likatoka halitembei. Ila mara nyingi gari hilo lilipelekwa kubadilishwa oili kwa sababu tayari lilikuwa linateleza, pleti zake zimebaki chuma, na unga wa pleti uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliosaidia kushikashika. Kama oili ni ya kahawia na gia zinaingia vizuri, mimi nabadilisha bila hofu, tena kwa awamu, maana ukifungua nati ya chini sehemu kubwa inabaki ndani ya konveta. Aina ya oili huwa imeandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Zile za zamani kwa kawaida ni Dexron. Kumimina oili ya injini namba 40 kwa sababu "zote ni oili" ni kosa ambalo sina maneno ya heshima ya kulielezea.

Oili ya mjomba ilikuwa nyekundu iliyokolea, kiwango sawa, haina harufu. Hapo tayari fundi wa pili alikuwa ameanza kunipa mashaka, kwa sababu klachi haziishi kimyakimya. Huacha majivu.

Kebo ya throto ni ya dakika tano. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini, injini imezimwa, mwingine atazame kwenye injini: kati ya mwisho wa kifuniko cha kebo na kile kipande kidogo kilichobanwa kwenye waya panatakiwa pawe na nafasi ya milimita 0 hadi 1. Kebo ikilegea, presha inakuwa ndogo, gia zinaingia kwa ulaini unaopendeza abiria huku pleti zinateleza na kuungua pole pole. Ikikazwa mno, kila gia inagonga kama teke. Kuna mafundi wanaoilegeza makusudi mteja akilalamika kwamba gia zinagonga, na mteja anashukuru. Kwenye pikapu hii haikuwa na tatizo.

Themostati, valvu inayozuia maji ya injini yasiende kupoozwa mpaka yapate joto, haikuwepo. Sikushangaa, huku kwetu injini ikichemka mara moja kitu cha kwanza kutupwa ni themostati, eti joto la pwani linatosha. Kwa giaboksi jambo hilo si dogo. Kompyuta hairuhusu gia ya nne wala kufunga konveta (kuibana ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza) mpaka maji ya injini yafike joto fulani, ili injini isielemewe ikiwa bado baridi. Bila themostati, usiku, barabara tambarare, maji yanaweza yasifike hapo safari nzima, au yakapanda na kushuka. Dereva anasema gia ya nne inaingia na kutoka yenyewe. Wapo walioshusha giaboksi kwa ajili ya kifaa kinachotosha kwenye kiganja. Lakini ugonjwa wa pikapu yetu ulikuwa kwenye kuondoka, si kwenye gia ya juu, basi nikaiweka kando.

Tukaingia barabarani. Hapa chombo cha kupimia ni mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, na masikio yako. Kwenye A340 gia ya kwanza ina uwiano wa 2.804, ya pili 1.531, ya tatu 1.000 na ya nne 0.705. Maana yake ni kwamba mshale ukiwa 3,000 na gia ya pili ikaingia, unatakiwa kuanguka hadi karibu 1,650; ya tatu ikiingia kutoka 3,000 uanguke hadi karibu 1,950; ya nne, karibu 2,100. Konveta inalainisha kidogo, usitafute tarakimu kamili. Unachotafuta ni tabia. Mshale ukipanda kwanza kabla ya kuanguka, klachi inayopokea inateleza. Ukianguka kwa mshtuko, presha imezidi. Na usijichanganye na konveta inapojifunga kwenye mwendo mkubwa, mshale hushuka tena kidogo kama kwamba kuna gia ya tano. Gusa breki kidogo tu na mshale unarudi juu, kwa sababu breki inafungua konveta. Gia hazifanyi hivyo.

Kutoka kusimama mpaka gia ya nne, mshale unatakiwa kuanguka mara tatu. Nikahesabu kwenye pikapu ya mjomba. Mara moja tu.

Nikasimamisha gari, nikaweka L, nikakanyaga mafuta. Pikapu ikaruka mbele mpaka mjomba akashika deshibodi. "Mbona hivi inaweza?"

Jaribio hilo dogo lilimaliza hoja za mafundi wawili. Fundi wa kwanza hakuwa mjinga: ndani ya konveta kuna gurudumu la kati lenye klachi inayoruhusu mzunguko wa upande mmoja, na klachi hiyo ikifa gari linakuwa zito sana kuondoka lakini linakwenda vizuri likishachanganya, kama hii hasa. Ila konveta ni hiyohiyo moja kwa gia zote. Kama imekufa, na L itakuwa nzito, na kurudi nyuma kutakuwa kuzito. Vivyo hivyo klachi ya kwendea mbele, mojawapo ya zile alizozihukumu fundi wa pili, inatumika kwenye gia zote za kwenda mbele. Kama imeisha, haiwezi kuwa nzima kwenye L na mbovu kwenye D.

Kilichobaki ni kwamba ukiweka D gari lilikuwa linaondokea gia ya tatu. Misuli ipo. Amri ya gia ya kwanza haifiki.

Kuna njia ya kuthibitisha hilo bila mashine yoyote, na nashangaa haitumiki zaidi. Ubavuni mwa giaboksi kuna soketi ya nyaya za solenoidi. Gari likiwa limezimwa, ichomoe. Sasa kompyuta haina sauti tena, na gia zinafuata mkono wa dereva peke yake: ukiweka L unapata ya kwanza, ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka D unapata ya nne. Zunguka nayo mahali patupu kwa muda mfupi. Ikitii hivyo, bodi ya valvu na klachi za gia hizo zinafanya kazi, na ugonjwa uko kwenye umeme. Isipotii, ndipo uanze kufikiria kufungua. Ya mjomba ilitii zote tatu.

Solenoidi mbili zinaongea kwa mpangilio. Gia ya kwanza, namba 1 imewashwa na namba 2 imezimwa. Ya pili, zote zimewashwa. Ya tatu, namba 2 peke yake. Ya nne, zote zimezimwa. Namba 1 ikikatika, kompyuta inajiokoa kwa kutumia namba 2, na gari linabaki na gia ya tatu na ya nne tu, ndiyo pikapu inayojikokota Mingoyo. Namba 2 ikikatika, dalili ni nyingine kabisa: inaondoka vizuri kwa gia ya kwanza halafu inaruka moja kwa moja hadi ya nne na kuzimika nguvu. Ukiijua jedwali hii unaweza kutaja solenoidi mbovu ukiwa umekaa kiti cha abiria.

Kompyuta nayo ilikuwa imejaribu kusema. Ikigundua waya wa solenoidi umekatika huipepesa taa ya O/D OFF kwenye deshibodi (O/D ni overdrive, yaani gia ya nne). Nikauliza mbona hamkuiona. Mjomba akakohoa. Taa ilikuwa imeanza kupepesa tangu mwezi wa 8, akalalamika kwamba inamsumbua macho usiku, fundi mmoja akamtolea balbu.

Tukairudisha balbu. Kwenye Toyota hizi za kabla ya OBD2, mfumo wa kisasa wa kusoma makosa kwa mashine, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 (soma maandishi ya kwenye kifuniko mara mbili, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu), unawasha swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimebonyezwa ndani, kisha unahesabu mapepeso ya taa. Mapepeso ya haraka yasiyokatika ni salama. Sisi tulipata sita, kituo, mbili: 62, solenoidi namba 1. Ingekuwa 63 ni namba 2, 64 ni ile ya kufunga konveta, 61 na 42 ni sensa za mwendo.

Namba haisemi ununue solenoidi. Inasema tu mkondo wa umeme wa solenoidi hiyo hauko sawa, na mkondo ni safari ndefu. Nikapima kwa mita kwenye soketi ya upande wa giaboksi: omu 13. Solenoidi nzima hutoa kati ya 11 na 15. Kumbe hata hiyo ilikuwa hai. Upande wa pili wa soketi, ule wa waya unaotoka kwenye kompyuta, pini moja ilikuwa ya kijani kama shaba ya jahazi la zamani. Nilipoivuta waya ukabaki mkononi.

Msimu usio wa korosho, pikapu hiyo hubeba samaki kutoka pwani kupeleka Masasi. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi, na mjomba huegesha nyumbani kwake kwenye mteremko, gari likitazama chini. Maji yote yanafuata fremu kwenda mbele.

Tulikata kipande kilicholiwa, tukaunga waya mpya kwa risasi, tukaufunika na kupaka grisi kwenye soketi, kisha tukachomoa fyuzi ya EFI, ile ya kompyuta ya injini, kwa muda ili kompyuta isahau kesi.

Sisemi kwamba kila giaboksi ni waya. Kama soketi imechomolewa na bado L haivuti, kama oili imeungua, kama mshale unapaa bila gari kwenda, misuli imechoka kweli na kushushwa ni haki yake. Kabla ya hapo bado kuna saa ya mkononi: injini ya moto, breki imekanyagwa, hamisha kutoka N kwenda D na uhesabu mpaka uhisi gari limeshika. Isizidi sekunde 1.2, kwa R isizidi 1.5. Ikichelewa kote, shuku presha. Ikichelewa upande mmoja, shuku klachi za upande huo. Lile jaribio la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja mpaka mwisho lina faida yake, lakini halipaswi kuzidi sekunde 5 na mimi sipendi kulifanyia giaboksi ya miaka 30. Nimewahi kuona likithibitisha ugonjwa kwa kuuleta.

Na giaboksi ya mtumba unayoambiwa utafute, ikiwa chini kwenye banda la spea, haiwezi kupimwa kwa lolote kati ya haya zaidi ya kunusa oili iliyobaki ndani. Ingefungwa kwenye pikapu ya mjomba, ingeunganishwa na soketi ileile ya kijani na kuondoka kwa gia ya tatu ileile.

Jumamosi iliyofuata tulipanda Newala na magunia 10. Kabla hatujaanza kilima mjomba alisimamisha gari pembeni bila sababu, akaniambia nisiongee, akaondoka polepole huku macho yako kwenye mshale, midomo ikicheza kama mtu anayevuta tasbihi. Moja. Mbili. Ilibidi tuvuke kilima kwanza ndipo apate ya tatu, na alikuwa bado anaisubiri.